Kompaila Niliyoificha

Kila kisanduku chetu kilipoamka, mstari wa kwanza uliotokea kwenye skrini ulitaja jina la kerneli, siku iliyotengenezwa, na jina la kompaila iliyoitengeneza. Jina hilo la kompaila lilikuwa la uongo. Uongo huo niliuandika mimi, kwa mkono wangu, nikiwa na digrii mbili na akili timamu, ofisini Kigoma, mbele ya kikombe cha chai ya tangawizi.

Jambo hili nimelikana kwa namna nyingi. Mwanzoni nilisema hapana. Baadaye, nilipoanza kualikwa kwenye semina, nilibadilisha mtindo nikawa nasema "ilitumika kompaila isiyofaa", kana kwamba kompaila ilipita dirishani yenyewe, ikajitumia, ikaenda zake. Mwaka jana nilistaafu kwa hiari. Sina tena cheo cha kulinda, na barua yangu ya onyo imekaa kwenye bahasha moja na vyeti vya chuo, zinafahamiana. Basi ninyi mnaoanza kazi hii nawaambia ilivyokuwa: niliitumia mimi, nikijua, kisha nikaificha.

Asiye wa fani yetu anivumilie kidogo. Sisi huandika maagizo kwa maneno ambayo binadamu anaweza kuyasoma akijitahidi. Kompaila ni programu inayoyageuza maneno hayo kuwa amri za mashine. Kerneli ni programu inayoamka kwanza ndani ya mashine na kuzisimamia nyingine zote. Kompaila ikikosea kwenye programu ya kawaida, kitu kimoja kinaharibika na mwenye kitu anapiga kelele. Ikikosea kwenye kerneli, mashine inaweza kufa huku macho yamefumbuka.

Macho ya visanduku vyetu yalikuwa taa ndogo ya kijani. Kila boti iliyojiunga na mradi wetu ilifungiwa kisanduku cha kijivu, kikubwa kama nusu mkate, chenye taa hiyo na kitufe chekundu. Kila baada ya dakika kumi kisanduku kilituma kwa redio mahali boti ilipo, nasi tukaona nukta kwenye skrini, ingawa milima ya pwani ilizoea kuzimeza, hatukushtuka moja ikikosekana. Boti ikipata matatizo, nahodha anabonyeza kitufe, skrini yetu inalia, boti ya uokoaji inatoka. Visanduku vilisema tu, havikusikia. Hatukuwa na njia ya kuviambia chochote kutoka ofisini.

Mradi ulikuwa na watu watatu. Meneja alikuwa mtu wa ripoti. Mimi nilikuwa mtu wa programu. Mzee Feruzi ndiye aliyekuwa anajua kazi. Alikuwa mtu wa Ujiji, mkazi wa Kasingirima, fundi wa redio za meli tangu mimi sijaanza shule, na ndiye aliyevifunga visanduku vyote kwenye boti na kulehemu nyaya zake. Wiki yangu ya kwanza nilichomeka chanya kwenye hasi, moshi ukajaa chumba. Akafungua dirisha taratibu. "Injinia," akaniuliza, "huko chuo walikufundisha umeme au walikufundisha kuchoma mahindi?"

Jina hilo la Injinia lilinibakia, na hakulitamka hata mara moja bila tabasamu la pembeni. Aliniita mwanangu siku chache tu, nazikumbuka zote.

Siku moja nilimkuta ameweka redio yake ya betri, ile ya kubeba mkononi, juu ya kisanduku kilichokuwa kinafanya kazi. Sikio lake lilikuwa limegusa spika.

"Shikamoo, Mzee. Taarifa ya habari imeanza?"

"Marahaba. Njoo usikilize mashine yako inavyotafuna."

Redio ilikuwa imewekwa mahali pasipo na stesheni. Ikawa inatoa mlio wa ajabu, krr-krr, tik, krr-krr, tik, kama mtu anayetafuna karanga huku anafikiri.

"Hiyo ni kelele tu ya umeme," nikamwambia.

"Na mapigo ya moyo ni nini, Injinia? Si kelele tu ya damu?"

Nilicheka na kurudi kwenye meza yangu. Chuoni tulikuwa na vyombo vya kupimia mawimbi vyenye skrini na vifungo ishirini, na mimi nilijiona mwakilishi wao hapa mkoani.

Sasa kompaila. Kerneli yetu, ikitengenezwa na kompaila ya kawaida iliyoidhinishwa na mradi, iliamka kwa sekunde arobaini. Mimi nilikuwa nafuatilia kikundi cha watu mtandaoni waliokuwa wanaunda kompaila mpya. Nikaichukua, nikajaribu. Kerneli ikaamka kwa sekunde kumi na moja. Kwenye ukurasa nilikoichukua kulikuwa na onyo: toleo la majaribio, lisitumike kwa kazi halisi. Nililisoma. Nikajiambia maonyo kama hayo huandikwa kwa ajili ya watu wazembe, na mimi si mzembe. Nilipoonyesha sekunde zangu kumi na moja, Meneja alipiga makofi akasema nimeitendea haki elimu yangu. Hakuuliza nimefanyaje. Nikaenda kwenye faili linaloandika ule mstari wa kwanza, nikafuta jina la kompaila ya majaribio, nikaweka la ile iliyoidhinishwa. Halafu nikaweka kerneli hiyo kwenye visanduku vyote, vya wavuvi na vya abiria.

Kimya cha kwanza kilikuja kwenye boti ya abiria iliyokuwa inatoka Kigoma kwenda vijiji vya kaskazini. Injini ilizimika mchana kweupe. Nahodha akabonyeza kitufe chekundu. Taa ya kijani ilikuwa inawaka, basi abiria wakatulia, wakaambizana kwamba wameshasikika, wanakuja kuchukuliwa. Wakakaa hivyo wakisukumwa na maji mpaka jua likaelekea Kongo, hakuna aliyekuja, kwa sababu kwetu ofisini hakikufika kitu. Waliokotwa na wavuvi wa dagaa waliokuwa wanatoka kwenda kazini. Hakufa mtu. Lakini mama mmoja alikuja ofisini kesho yake akasimama mlangoni, hakukubali kiti. "Tungejua hamtusikii," alisema, "tungepiga makasia. Tulikaa kwa sababu ya taa yenu."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniingiza hofu ambayo haijatoka mpaka leo. Taa ile ilikuwa imeungwa moja kwa moja na betri. Iliwaka kwa sababu betri ina umeme, si kwa sababu kisanduku ni kizima. Mnapotengeneza kitu chenye taa, jiulizeni taa inawashwa na nani. Iwashwe na programu yenyewe, ikifa nayo izimike. Vinginevyo mmewapa watu kitu cha kuwadanganya.

Kisanduku kilipoletwa mezani kwangu kilikuwa kimeshachomolewa betri, kwa agizo langu mwenyewe. Nikaichomeka, nikawasha. Sekunde kumi na moja, kikaamka, kikafanya kazi safi. Kikafa cha pili, kwenye boti nyingine ya abiria. Kikaletwa, nikawasha, kizima. Kikafa cha tatu, vilevile. Visanduku vya wavuvi, vilivyokuwa vingi zaidi na vilivyoloa zaidi, havikufa hata kimoja.

Nadhani mnaona kosa langu, kwa sababu ninyi mmesimuliwa vizuri. Mimi nilikuwa na kiburi cha mtu ambaye kila kitu kinapona mikononi mwake. Mashine iliyogoma ni kama mahali palipotokea ajali: kabla ya kugusa chochote, tazama, piga picha, sikiliza, andika. Ukizima na kuwasha umefagia kila alama. Nilifagia mara tatu.

Meneja akaita kikao ofisini kwake.

"Mezani kinafanya kazi?" akaniuliza.

"Kinafanya."

"Kwenye boti kinakufa?"

"Kinakufa."

"Kwenye boti kinafungwa na nani?"

Mzee Feruzi alivua miwani yake akaifuta kwa pindo la shati. "Kinafungwa na mimi," akasema.

"Injinia, kwa upande wa programu, kuna kitu chochote kilichobadilika?"

Nikatazama meza. Ilikuwa na doa la wino lenye umbo la kiatu, naliona mpaka sasa. "Hapana," nikasema.

Mzee Feruzi hakubishana. Alizungusha waya wa pasi yake ya kulehemu vizuri, mara saba, akaifunga kwa kitambaa, akaiweka mbele ya Meneja. "Nimelehemu redio za meli zilizokwenda Bujumbura na kurudi," akasema. "Hakuna aliyeniambia lehemu yangu imeachia. Lakini mkisema imeachia, basi nitaitafuta mahali ilipoachia." Akaondoka. Wiki ileile barua ya kumsimamisha kazi ikamfuata nyumbani.

Ujiji si mji wa kuficha habari. Baada ya wiki chache watu sokoni walikuwa wanamwita fundi aliyewaacha watu ziwani. Waliokuwa wakimpelekea redio na simu wakaanza kuzipitisha mbele ya mlango wake kuzipeleka kwa wengine. Mtu ambaye jina lake lilikuwa mali yake yote, akawa anakaa barazani na meza tupu. Mimi nilipita huko mara mbili, nikavuka barabara.

Miezi saba nilitafuta kosa kwa siri, huku visanduku vya abiria vikiendelea kunyamaza kimoja kimoja, nasi tukiviwasha upya na kuilaumu lehemu. Nilijua ni kompaila. Hakuna kingine kilichobadilika. Lakini kujua si kuthibitisha, na bila uthibitisho nilijipa ruhusa ya kutumaini kwamba pengine ni maji, pengine ni joto. Nilifanya mambo yote ya kitaalamu. Nilitengeneza nusu ya mafaili ya kerneli kwa kompaila ya zamani na nusu kwa ile mpya, nikazibadilisha nusu hizo, nikagawa tena, ili nipate faili moja lenye ugonjwa. Ni njia nzuri sana, itumieni. Ila inataka kwanza ujue namna ya kulifanya kosa lijirudie, na mimi sikujua. Kisanduku cha mezani kwangu hakikufa kamwe, kwa sababu Meneja alitaka kila kitu kizimwe jioni kabla ya kufunga ofisi, na mimi nilikuwa mtiifu kwenye mambo madogo.

Kila simu ilipolia nilishtuka. Nilianza kuogopa rangi ya kijani. Nyumbani nilibandika kipande cha plasta juu ya taa ya kuchajia simu.

Kwa nini sikurudisha kompaila ya zamani kimyakimya? Swali zuri. Kubadilisha kerneli kulihitaji kufungua kila kisanduku, na kufungua kulihitaji kibali cha Meneja, na kibali kilihitaji sababu. Sababu nilikuwa nayo. Niliiogopa kuliko ziwa.

Sasa siku yenyewe. Asubuhi niliona koleo la Mzee Feruzi kwenye droo ya ofisi, nikajitungia safari ya kumrudishia. Ukweli ni kwamba nilitaka daftari lake. Alikuwa anaandika kila kitu kuhusu kila boti, na mimi nilikuwa nimeishiwa pa kutafuta. Kwa uoga wangu nilichelewa kutoka, nikafika Kasingirima saa saba imeshapita. Mkewe, Bi Tatu, alikuwa uani anapepeta dagaa kwenye ungo.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, Injinia. Umetuletea barua nyingine?"

"Hapana, mama. Nimeleta koleo la Mzee."

"Weka hapo. Mwenyewe ameteremka Kibirizi, anapanda boti ya Mwamgongo. Nahodha amemruhusu afungue kisanduku chenu humohumo safarini. Anasema atazitazama lehemu zake moja moja. Akikuta imeachia, atakuja mwenyewe kuwaomba radhi." Akapeperusha makapi. "Akikuta haijaachia, hakuniambia atafanya nini."

Nikauliza kuhusu daftari. "Lipo juu ya kabati," akasema. "Soma. Si ndiyo mnachojua."

Kila boti ilikuwa na ukurasa wake, mwandiko umesimama wima kama askari. Kwenye kurasa za boti za wavuvi kulikuwa na viduara vidogo vya wino, kimoja kila baada ya wiki nne hivi, na pembeni yake ameandika: betri nyumbani. Kwenye kurasa za boti za abiria hapakuwa na duara.

"Mama, hivi viduara ni nini?"

Bi Tatu alikuja akachungulia, akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Kweli wewe Muha wa milimani! Huo si mwezi? Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa. Wavuvi wanapumzika wiki nzima, wanavuta vyombo pwani, betri wanakuja nazo nyumbani watoto waangalie mpira."

"Kila mwezi?"

"Mwezi wa mbinguni umeacha lini kujaa?"

"Na boti za abiria?"

"Abiria anauliza mwezi? Hizo hazizimwi labda ziharibike."

Mimi nimezaliwa Kasulu, mtu wa mahindi na maharage. Nilikuwa nimeona kwenye rekodi zetu kwamba visanduku vya wavuvi vinaamka upya kila mwezi, maana kila kisanduku kikiamka hututumia salamu. Mnajua nilichoandika pembeni? "Betri dhaifu." Kumbe walikuwa wanavipumzisha. Bila kujua, mwezi ulikuwa unawaokoa wavuvi kutoka kwa kerneli yangu.

Nikatoa kwenye mkoba orodha ya rekodi za ofisi. Miezi yote ile nilikuwa nimetazama visanduku vimekufa siku gani, saa ngapi, hali ya hewa ikoje. Sikuwahi kutazama vimeishi kwa muda gani. Nikahesabu pale pale, kwa simu, nimekaa kwenye mkeka wa Bi Tatu. Cha kwanza: siku ishirini na nne na saa ishirini na nusu hivi. Cha pili: vilevile. Cha tatu: vilevile.

Mwandika programu yeyote akigeuza muda huo kuwa milisekunde ataona namba anayoijua kama anavyojua jina la mama yake. Ni bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba na ushee. Hapo ndipo kihesabio cha kawaida cha mashine hujaa. Kikiongezwa moja zaidi, kinageuka kuwa hasi.

Nikatafuta kisanduku cha boti ya Mwamgongo. Kiliamka saa kumi na mbili na nusu jioni, siku ishirini na tano zilizopita. Nikajumlisha mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikutaka kuamini. Kingekufa leo, saa tisa na dakika moja alasiri. Nikatazama saa. Ilikuwa saa nane kasoro robo. Boti iliondoka saa saba na nusu.

"Mbona umekuwa hivyo?" Bi Tatu akauliza. "Chombo kina tatizo?"

"Hapana, mama. Ni jua tu."

Hiyo ilikuwa hapana ya pili. Mimi nimelelewa kanisani, najua hesabu hizi huwa zinaishia wapi.

Kwenye bajaji kurudi mjini nilimpigia Mzee Feruzi mara kumi na moja. Hapatikani. Nahodha naye hapatikani. Huko chini ya milima ya Gombe mtandao hupotea. Nilipofika ofisini upepo wa kusini ulikuwa umeamka, ziwa limeanza kutoa meno meupe. Nikaingia kwa Meneja.

"Naomba tutoe boti ya uokoaji iifuate boti ya Mwamgongo."

"Imeomba msaada?"

"Bado."

"Nukta yake ipo?"

Ilikuwepo. Nilisema nina wasiwasi.

"Wasiwasi gani? Una kitu unakijua?"

Kinywa changu kilifunguka. Nakumbuka hewa ikiingia. "Hapana," nikasema. "Wasiwasi tu."

"Injinia, upepo huu si wa kutoa watu kwa wasiwasi."

Nikarudi mezani, nikakaa mbele ya skrini. Hili ndilo zito, na kwenye semina zote sijawahi kulisema. Kosa la kompaila lilikuwa la kiburi, na kiburi kwa mwanafunzi hodari ni ugonjwa wa kawaida. Lakini saa nane na dakika ishirini, siku ile, nilijua dakika ambayo kisanduku kitakufa, nilijua ni nani amekishika, na bado nilichagua mstari wangu wa kwanza usiguswe.

Nukta ya saa tisa kasoro dakika kumi ilikuja. Ya saa tisa kamili ilikuja. Ya saa tisa na dakika kumi haikuja.

Mikono ikihitaji kitu cha kufanya, nilifungua kile ambacho kompaila ya majaribio ilikuwa imetoa, zile amri za mashine zenyewe, nikaziweka kando ya maandishi yetu. Safari hii nilijua pa kutazama. Kwenye sehemu inayopanga kutuma ujumbe, programu yetu iliuliza: je, namba mpya ya kihesabio ni ndogo kuliko ya zamani? Kama ndiyo, kihesabio kimegeuka, anza upya. Swali dogo, mstari mmoja. Upande wa mashine halikuwepo. Kompaila ilikuwa imefikiri kwa akili yake: namba ikiongezwa haiwezi kuwa ndogo, kwa hiyo swali hili ni la kijinga, lifutwe. Kompaila za kawaida pia hupenda kufikiri hivyo, ndiyo maana kwenye kerneli huwa tunaziamuru waziwazi zisifute maswali ya aina hiyo. Tulikuwa tumeiamuru. Toleo lile la majaribio lilikuwa bado halijaunganisha amri hiyo. Iliipokea, haikusema neno, haikuitii. Basi kihesabio kilipogeuka, kisanduku kilianza kusubiri wakati ambao hautafika. Na taa inawaka.

Baadaye niligundua kwamba ningeweza kuweka kihesabio karibu na mwisho wake na kuliona kosa baada ya dakika moja. Dakika moja. Ukishuku kitu kinachohesabu, usikisubiri, kisogeze mpaka ukingoni. Miezi saba ilihitaji dakika moja na mtu asiyeogopa jibu.

Saa tisa na nusu. Saa tisa na dakika arobaini. Dirishani ziwa lilikuwa limegeuka rangi ya bati. Nilifikiria watu wamekaa wanatazama taa, wametulia.

Saa kumi kasoro dakika nane, skrini ilitoa mlio mfupi. Salamu: kisanduku cha boti ya Mwamgongo kimeamka. Kabla sijainuka, ukaja mlio wa pili, mrefu, na nukta ikawa nyekundu.

Meneja hakuhitaji sababu tena. Boti ya uokoaji ikatoka. Nami nikabaki na simu mezani, imelala kifudifudi, naiogopa kama nge. Ililia saa kumi na moja na robo.

"Haloo, Injinia."

"Mzee! Shikamoo. Mko wapi? Watu..."

"Marahaba. Watu wote wapo. Tumevutwa mpaka Mwamgongo. Kuku wawili wameingia majini, na mwenye kuku ananitazama kana kwamba upepo niliuleta mimi kwenye mfuko. Sasa nyamaza unisikilize, simu yangu inakaribia kuzima."

Nikavuta karatasi na kalamu.

"Tulipita Gombe, maji yakaingia kwenye injini, ikazimika. Nahodha akabonyeza. Taa inawaka, watu wanasema tumesikika. Nikaweka redio yangu juu ya kisanduku. Hakitafuni. Mlio mmoja tu mrefu, kama mtu aliyeduwaa. Nikamwambia Nahodha, hatujasikika. Akasema, ego, ndiyo Mzee, lakini usiwaambie. Nikakifungua mapajani, boti inaruka. Lehemu zangu zote kumi na nne zinang'aa. Nikazigusa moja moja kwa ukucha. Sikurekebisha kitu, unanielewa? Hakuna nilichorekebisha. Nikachomoa betri, nikahesabu mpaka kumi, nikairudisha. Kikaanza kutafuna, Nahodha akabonyeza tena."

"Afadhali, Mzee."

"Si afadhali. Lehemu mbovu haiponi kwa kuchomoa betri. Nimekaa nayo miaka arobaini, haijawahi kupona yenyewe. Kilichoumwa humo ndani hakikuwa changu."

Upepo ulisikika kwenye simu, na watoto wakiitana kwa Kiha.

"Upo, mwanangu?"

"Nipo."

"Siku ile Meneja alipokuuliza, ulitazama meza. Mimi nilidhani unaona haya kwa ajili yangu."

Nilimwambia. Sikumbuki maneno, nakumbuka kwamba yalikuwa machache kuliko nilivyodhani: kompaila, mstari, siku ishirini na nne, na kwamba tangu saa nane kasoro nilijua. Hakunikatiza.

"Watu thelathini na wanane," akasema. "Niliwahesabu."

"Nisamehe, Mzee."

"Hilo tutazungumza nikirudi, Bi Tatu akiwepo. Meneja yupo?"

"Yupo ofisini kwake. Nitamwambia, Mzee. Nakuahidi, kesho asubuhi..."

"Sijaomba ahadi. Usikate simu. Inuka, uende. Nataka nisikie mlango ukigongwa."

Nikainuka. Ni hatua tisa kutoka meza yangu mpaka kwa Meneja, na njia nzima nilimsikia anapumua. Nikabisha hodi, nikaingia. Nikaongeza sauti ya simu, nikaiweka juu ya meza, karibu na lile doa la wino.

"Kuna nini tena, Injinia?" Meneja akauliza.

Kwenye simu Mzee Feruzi alikohoa, mara moja.

"Ule mstari wa kwanza, Meneja," nikasema. "Unaotokea kisanduku kinapoamka. Niliuandika mimi."